Msinisubiri, Endeleeni

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yake. Alipopata nafasi ya kwenda kusomea uhandisi wa maji ng'ambo, Mama alimfungia masweta mawili na kitabu cha sala, akamwambia, "Ukifika kwa watu, kuwa mtu." Hakufafanua, na Kitinda hakuuliza. Mama alikuwa hivyo. Maneno yake aliyatoa kama chumvi, kidogo kidogo.

Huko alikofika, mambo mengi yalimshinda kuelewa. Watu walimuuliza habari yake wakawa wameshapita kabla hajajibu, akabaki na jibu mdomoni kama aliyenyoosha mkono hewani. Katika jiko la pamoja kila mpangaji alikuwa na rafu yake kwenye friji, na mtu aliweza kula mbele ya mwenzake bila kusema hata karibu. Kitinda alisema karibu kwa kila aliyepita mlangoni, mpaka siku moja mpangaji wa chumba cha pili akakaa kweli, akala sahani yote, akashukuru, akaenda zake. Tangu hapo Kitinda akawa anakula haraka na kimya, na jambo hilo lilimsumbua kuliko hesabu za mabomba.

Aliishi chumba kimoja na kijana aliyetoka naye nchi moja, mwanafunzi wa uchumi. Kitinda alimpa jina la Mchumi, kwa sababu ya masomo yake na pia kwa sababu ya mkono wake, uliokuwa mkono wa birika hasa. Mchumi alikuwa akichemsha kifuko kimoja cha majani ya chai mara mbili, kisha anakianika dirishani.

"Kesho tena?" Kitinda alimuuliza siku moja.

"Bado kina rangi."

"Kina rangi ya dirisha hicho, bwana."

Mama alimpenda Mchumi bila kuwahi kumwona. Kila akipiga simu alitaka apewe. "Huyo ni mwanangu wa kuazima," alikuwa akisema, na Mchumi, ambaye alifiwa na mama yake akiwa bado anatambaa, alikuwa anaipokea simu hiyo amesimama wima kama yuko mbele ya mwalimu mkuu.

Chuo kiliwahimiza wanafunzi wajitolee, na Kitinda akajiandikisha katika nyumba ya wazee mtaa wa jirani. Alifikiri atakaa na wazee, awasomee, pengine wasali pamoja. Wakampeleka chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kufulia. Kulikuwa na joto na harufu ya sabuni, mashine zikiunguruma hata sakafu ikitetemeka, na vikapu vya nguo vikiwa vimepangwa ukutani. Msimamizi wa chumba hicho alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyokaa juu ya paji la uso muda wote, naye akiitafuta kila mara. Kitinda alimwita Bosi, naye akamwita Mhandisi.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Kila nguo ilikuwa na kibandiko cha kitambaa kilichoshonwa shingoni au kiunoni, chenye namba ya chumba cha mwenyewe. Unafua, unakausha, unakunja, unapeleka. Jumamosi ya kwanza Kitinda alisoma tisa mahali pa sita, akapeleka suruali zote za babu mmoja kwa bibi wa ghorofa ya juu. Babu akashuka kwenye chakula cha mchana amejifunga shuka, hana habari, akiwapungia watu mkono.

"Mhandisi," Bosi akasema, "maji utakayotuletea wewe yatafika kwa jirani."

Habari hizo zilipofika nyumbani, Shangazi, dada yake Baba, alikuja juu. "Amevuka nchi zote hizo kwenda kuwa dobi? Tena wa bure?" Lakini Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwacheni. Hapa soksi zake nilikuwa nafua mimi. Sasa Mungu anamlipisha." Halafu akamwambia Kitinda taratibu, "Fua vizuri, baba. Nguo ya mzee ndiyo heshima iliyobaki." Hayo yalikuwa mazungumzo yao marefu ya mwisho, ingawa hakuna aliyejua.

Wiki chache baadaye Mama akalazwa. Ni mapafu, walisema. Ilikuwa karibu na harusi ya Kaka, ambayo siku yake ilishapangwa na watu walishaalikwa, na Mama alikataa kata kata isiahirishwe. "Hata mkinibeba na kitanda, nitafika," alisema. Kitinda alishawaeleza mapema kwamba harusi itamkuta kwenye mitihani. Walimwelewa. Alichotaka yeye ni kusikia sauti ya Mama kila jioni, na kila jioni wauguzi walimpa simu asalimie, hata kama ni kwa neno moja.

Mama alifariki Jumapili alfajiri, kabla watu hawajaanza kwenda ibadani. Mungu ampe pumziko la milele.

Kwao habari ya msiba haisemwi kwenye simu. Hutafutwa mtu, akatumwa kwa miguu yake mwenyewe. Akifika humkalisha mfiwa, huhakikisha ana mtu wa kumshika, ndipo afungue mdomo. Wazee wanasema habari hiyo ikimkuta mtu amesimama peke yake inaweza kumwangusha asiinuke. Lakini ng'ambo utamtuma nani? Familia ilikaa, ikashauriana, na Dada akapewa kazi ya kumpigia Mchumi. "Wewe ndiye ndugu yake huko," Dada alimwambia huku analia. "Umwambie wewe. Sisi hatutampigia mpaka utuambie ameshapokea."

Jumapili jioni Kitinda alipiga simu ya Mama, ikawa imezimwa. Jumatatu pia. Akapiga ya Dada. Akapokea jirani, akasema Dada yuko na wageni, atampigia. Nyuma ya sauti ya jirani kulikuwa na kelele za watu wengi na viti vinavyoburutwa. Ni maandalizi, Kitinda akajisemea. Lakini moyo haukutulia. Wageni gani hao wa kumfanya Dada asimpe hata salamu ya mgonjwa?

Alipofika chumbani alikuta meza imepangwa. Mchumi alikuwa amepika wali na nyama, nyama ya kweli, vipande vikubwa, na pembeni kuna maji ya matunda.

"Kuna nini leo?" Kitinda akauliza.

"Kaa ule."

"Umeajiriwa benki?"

"Kula kwanza, Kitinda."

"Au unataka kumposa dada yangu. Sema tu, nitakuombea kwa Baba, ila ujue yeye chai ya kuanika hanywi."

Mchumi hakucheka. Alimtazama akila, akafungua mdomo, akaufunga, akaongeza nyama kwenye sahani ya mwenzake. Kisha akatoka kwenye korido, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Kitinda akatazama sufuria. Nyama haikuwa na kitunguu hata kimoja.

Usiku huohuo Dada alimwandikia Mchumi kuuliza. Mchumi akajibu kwamba ameshamwambia na amepokea vizuri. Alikusudia kumwambia asubuhi, kabla hakujawa na madhara. Asubuhi akaamka, akamfulia Kitinda mashati, akampigia pasi, akamsindikiza mpaka mlango wa chuo amembebea begi, na neno likawa bado liko kooni.

Jumanne mchana Kaka alipiga. Kitinda alikuwa maktaba, akaenda kusimama katikati ya rafu za mwisho.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba." Sauti ya Kaka ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyekesha. "Mwenzako ametuambia ameshaongea na wewe."

"Mchumi?"

"Ndiyo. Tunamshukuru Mungu umepokea vizuri. Hapa turubai limeshafungwa. Ukoo wote umefika, Shangazi tumemlaza chumbani kwako. Sasa tunataka kujua jambo moja tu, ili tupange. Tukusubiri? Baba anasema ukisema neno, siku inasogezwa mbele, na tiketi itatafutwa."

Hapo Kitinda akaona mwanga, au akadhani ameuona. Kumbe ndiyo sababu ya nyama! Kumbe wamemtuma Mchumi amlainishe ili aende harusini! Akaguswa, na wakati huohuo akakasirika kidogo. Nani anasogeza harusi kwa ajili ya mtahiniwa?

"Jamani Kaka, msinisubiri," akasema. "Wiki hii yote ni mitihani. Endeleeni tu. Mtanitumia picha."

"Picha," Kaka akasema.

"Na video, mkipata mtu mwenye simu nzuri. Mimi nitawaombea huku huku. Halafu Shangazi mwambieni asicheze sana. Goti lile litamlaza."

"Asicheze."

"Si unamjua, akisikia ngoma hajizuii."

"Haya, Kitinda." Kaka alivuta pumzi. "Tumekusikia."

"Na Mama mumwambie..." Lakini simu ilishakatika, na Kitinda akabaki anazungumza na rafu ya vitabu.

Jioni alimkuta Mchumi anamenya viazi. "Kwa hiyo wewe ndiye wakala wao," akamwambia. "Kaka amenieleza yote."

Kisu kikasimama. "Kaka amekwambia? Kwenye simu?"

"Kwenye simu, nimesimama maktaba."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimewaambia waendelee bila mimi. Sitaenda. Picha nitaziona."

Mchumi alimkazia macho. "Kitinda, una hakika na ulichosema?"

"Mitihani hainisubiri. Wewe mwenyewe ungefanya hivyo."

"Mimi?" Mchumi alitikisa kichwa, akarudia viazi vyake. Alimshukuru Mungu kwamba mzigo umetua kwa mwingine, na wakati huohuo akamwogopa mwenzake. Kila mtu hulia kwa namna yake, alijiambia. Usiku alimsikia anapiga mluzi bafuni, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Kitinda akafanya mitihani. Jumatano alipiga simu ya Mama, ikawa imezimwa. Alhamisi alipiga ya Dada, ikaita mpaka ikachoka. Akamwandikia Kaka, "Mgonjwa anaendeleaje?" Kaka aliyaona maneno hayo na hakujibu, na baadaye alisema alidhani ni kejeli, au kijana amerukwa na akili huko. Ijumaa akampigia Baba. Simu ya Baba ilipokewa na mtoto wa jirani, akasema Babu amelala, akakata haraka kama aliyeungua. Kitinda alijaribu kuyaweka pamoja. Wana shughuli. Wamenuna kwa sababu haji. Mtandao ni mbaya. Kila jibu aliloshika lilikuwa kama sabuni ya kuogea, likimteleza. Ikiwa wamenuna, Mama naye amenuna? Mama hajui kununa.

Jumamosi, siku ambayo kwa hesabu zake Kaka alikuwa anaoa, alivaa shati lake zuri chini ya sweta na kwenda kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa na haja ya kuwa mahali penye kelele. Simu aliiweka juu ya mashine ya kukaushia ili picha zikiingia azione.

"Leo umependeza, Mhandisi," Bosi akasema. "Una mchumba?"

"Kaka yangu anaoa leo."

"Hongera. Basi utafanya kazi huku unacheza." Akamsogezea kikapu kidogo cha nguo zilizokwisha kukauka. "Hizi usizipeleke juu. Chukua mkasi, fumua vibandiko vyote, ukunje, uziweke kwenye boksi."

Kitinda akazitambua. Zilikuwa magauni ya bibi wa ghorofa ya juu, yule aliyepelekewa suruali.

"Bibi amehama?"

"Amekufa. Juzi." Bosi alisema hivyo akiwa ameinama anasafisha chujio la mashine, akalikung'uta vumbi, akalirudisha. "Alikuwa amelala."

Kitinda alisimama na gauni mkononi. Hakuna aliyemwambia akae. Hakuna aliyemwuliza kama amekula. Habari ilikuja kama mtu anasema mvua imeanza.

"Wenzake wameambiwa?"

"Wameambiwa asubuhi wakati wa chai."

"Hivyo hivyo?"

"Ungetaka waambiwe vipi?" Bosi hakuuliza kwa ubaya. Alitafuta miwani yake, akaipata kichwani. "Walilia, wakanywa chai, wengine wamerudi kulala. Ukimaliza kufumua, weka na kile kikoti cha kijivu, watoto wake wamekiulizia."

Kitinda akaanza kufumua. Uzi ulikuwa mwembamba, na ncha ya mkasi ilitakiwa iingie chini yake bila kugusa kitambaa. Bosi naye akakaa na rundo la mataulo.

"Watazika lini?" Kitinda akauliza.

"Wiki ijayo katikati. Wangezika mapema, lakini wanamsubiri mtoto wa mwisho. Yuko nchi ya mbali, anahangaika na ndege. Wamesema hata wakikaa mwezi, watamsubiri. Huwezi kumzika mama wa mtu, mwenyewe hayupo."

Mkasi ukasimama.

Wanamsubiri mtoto wa mwisho. Kitinda aliyasikia maneno hayo, na nyuma yake akasikia mengine, kwa sauti ya Kaka iliyokauka. Tukusubiri? Baba anasema siku inasogezwa mbele. Harusi gani husogezwa kwa ajili ya mdogo wa bwana harusi? Na bwana harusi gani hupiga simu mwenyewe, kwa sauti ile? Turubai. Viti. Shangazi. Nyama isiyo na kitunguu. Na yeye alisema watume picha. Alisema na video.

"Mhandisi, unaumwa?"

"Sijui," Kitinda akasema, na kwa kweli hakujua. "Naomba niende nyumbani."

Mchumi alikuwa anapiga pasi. Kitinda aliingia bila kuvua viatu.

"Mama yuko wapi?"

"Mama?" Mchumi akageuka. "Kitinda, si Kaka alikueleza?"

"Kaka alinieleza habari za harusi."

"Harusi ipi? Harusi iliahirishwa tangu Jumapili."

Wakatazamana. Pasi ilikuwa bado juu ya shati, na shati likaanza kunuka moshi kabla Mchumi hajaiinua. Aliishika hewani kama hajui huwekwa wapi.

"Sema," Kitinda akamwambia.

"Mdomo unakataa. Tangu Jumatatu unakataa. Niliwaambia nimekwambia, nikijua kesho nitakwambia. Nikikupakulia najisemea, akimaliza kula. Ukimaliza unaniambia habari za dada yako na chai. Halafu ukaja ukasema Kaka amekueleza yote, mimi nikashukuru Mungu." Alianza kulia bila sauti. "Alikuwa ananiita mwanangu."

Kitinda alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika. Mikono haikujua ifuate lipi, ikabaki inaning'inia. Akachukua simu, akampigia Dada, na safari hii Dada akapokea.

"Kitinda." Sauti ilikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

"Dada, nilidhani ni harusi."

"Harusi gani?"

"Ya Kaka. Aliposema turubai na ukoo, nilidhani ni harusi."

Ikaja sauti ambayo Kitinda hakuweza kuitambua kama ni kicheko au kilio, na pengine Dada mwenyewe hakujua. "Mtoto wewe. Kaka yako hajala vizuri kwa sababu ya neno lile la picha. Tulimzika Alhamisi. Tulikuombea msamaha makaburini, mbele ya watu." Kisha akamwita Kaka, na Kitinda akamsikia anamweleza, na akamsikia Kaka anasema polepole, "Alidhani nini?" Mlango ukagongwa ukutani, mtu akatoka nje.

"Nipe simu hiyo," ikasema sauti nyingine. Ilikuwa ya Baba. "Niliwaambia. Niliwaambia mtoto huyu hajaambiwa. Mtu aliyeambiwa habari ile atakumbuka goti la Shangazi yake? Wakasema msiba umenichanganya. Nikataka nikupigie, wakaficha simu, wakasema Baba utamtonesha."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Ijumaa walitaka kujengea kaburi kwa saruji. Nimewakataza. Ni udongo mtupu pale, hautaguswa mpaka uje, hata iwe mwakani. Hilo nimelishinda. Mengine yamenishinda, Mungu atanisamehe."

Kitinda alishukuru, na hakujua anashukuru nini.

"Uko na nani hapo?" Baba akauliza.

"Na Mchumi."

"Hebu asogee karibu yako. Umekaa?"

"Nimesimama, Baba."

"Kaa."

Kitinda akakaa ukingoni mwa kitanda. Mchumi akazima pasi, akaja akakaa naye bega kwa bega, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama alivyotakiwa kufanya tangu Jumatatu. Upande wa pili Baba alisafisha koo, kama afanyavyo anaposimama mbele ya watu.

"Mwanangu, ni mimi baba yako. Nimekuja kwako na habari."

"Naam, Baba."

"Habari si njema."

"Naam."

"Mama yako ametutoka. Jumapili alfajiri. Hakuteseka, na mimi nilikuwa nimemshika."

Kitinda alikuwa ameshajua, tangu kule kwenye chumba cha kufulia. Lakini ndipo hapo alipoisikia, na Mchumi ikabidi amkamate kwa nguvu.